Kisima Kizee Kinapoongeza Mafuta: Mafunzo Niliyopata Bakken

Magharibi mwa North Dakota, Marekani, kuna visima vya mafuta ambavyo kwa hesabu za awali vingekuwa vimekwisha kazi. Vilichorongwa kati ya 2007 na 2011, enzi za mwanzo za uchimbaji katika mwamba wa Bakken, vikatoa mafuta kwa fujo miezi michache, kisha vikashuka kama visima vya sheili vinavyoshuka popote duniani: mwaka wa kwanza unakata zaidi ya nusu, wa pili unakata tena, halafu unabaki mkia mrefu wa mapipa machache kwa siku. Miaka minane au kumi ikapita. Baadhi ya visima hivyo vikapanda. Vingine vikatoa mara mbili au tatu ya vilivyokuwa vikitoa mwezi uliotangulia, na vikaendelea hivyo kwa muda mrefu kiasi cha kuwafanya wenye ardhi wapige simu kuuliza kama hundi yao imekosewa.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kazi yangu huku ni uangalizi wa visima. Alfajiri naingia kwenye pikapu, nazunguka kisima hadi kisima katika wilaya za McKenzie na Mountrail, napima matangi, nasikiliza pampu, nasoma presha, naandika. Wakati wa baridi joto linashuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, mabomba yanaganda, na kazi ni ile ile. Mwandishi wa takwimu ofisini huona mstari uliopanda kwenye kompyuta. Mwangalizi anajua pia kilichotokea siku tatu kabla mstari haujapanda, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Jambo moja la msingi kabla ya mafunzo yenyewe. Sheili ni mwamba wa tope lililoganda. Bakken una umri wa miaka milioni 360 hivi na uko takriban kilomita tatu chini ya ngano na malisho. Una tabaka mbili za sheili nyeusi zilizozalisha mafuta, na kati yake tabaka ya mwamba wa chembe laini ambamo visima hulazwa kwa mlalo, mara nyingi kilomita tatu nyingine kwenda pembeni. Mwamba huu umefungana mno. Mafuta hayatoki mpaka upasuliwe kwa maji yenye presha kali, na nyufa zishikiliwe wazi kwa mchanga ili zisijifunge. Kwa hiyo kisima kinanyonya pale tu nyufa zilipofika. Karibu kila kisa cha kisima kizee kuongeza mafuta kinaanzia hapo.

1. Kabla ya kusema kisima kimepanda, soma safu ya siku

Kila mwezi Idara ya Rasilimali za Madini ya North Dakota hutoa ripoti ya kila kisima jimboni: mafuta, maji, gesi, gesi iliyouzwa, gesi iliyochomwa, na siku ambazo kisima kilifanya kazi. Watu wengi hukimbilia safu ya mafuta. Mzee aliyenifundisha kazi alinizoesha kuanza na safu ya siku.

Kisima kilichotoa mapipa 600 kwa siku 30 kina mapipa 20 kwa siku. Kikisimama siku 20 halafu kikatoa mapipa 600 kwa siku 10, hicho kimetoa 60 kwa siku. Mtu anayesoma jumla ya mwezi haoni tofauti yoyote. Anayegawa kwa siku anaona kisima kimepanda mara tatu. Wote wawili wanahitaji kusubiri, kwa sababu kisima kilichopumzika hutoa mkupuo. Ni kama kisima cha maji cha kijijini: anayechota alfajiri, baada ya maji kujikusanya usiku kucha, anapata ndoo nyingi kuliko anayechota adhuhuri, na maji yaliyo ardhini hayajaongezeka. Chini huko Bakken, kisima kikifungwa mafuta huendelea kujipenyeza polepole kutoka mwambani kuingia kwenye nyufa, presha inarudi, na siku ya kufungua yote yaliyojikusanya yanamwagika.

Tuliona hilo kwa jimbo zima mwaka 2020. Aprili 20 mwaka huo bei ya mafuta ya Marekani ilifunga soko ikiwa chini ya sifuri, dola 37.63 hasi kwa pipa. Kampuni zikafunga visima kwa maelfu. Uzalishaji wa North Dakota, uliokuwa mapipa milioni 1.4 kwa siku mwezi Machi, ukaanguka hadi karibu 860,000 mwezi Mei. Kiangazi kile tulipovifungua tena, visima vingi vizee viliamka na nguvu ambayo havikuwa nayo kabla ya kulala. Wapo waliodhani mapumziko yamevitibu. Baada ya miezi michache vingi vilirudi kwenye mstari wao wa zamani. Tangu hapo siiti ongezeko lolote ongezeko mpaka limekaa miezi sita.

2. Sababu kubwa iko kwa jirani

Hapa ndipo penye utamu wa jambo, na hapa ndipo nilipojifunza mengi.

Kati ya 2008 na 2012 kampuni zilikuwa mbioni. Huku Marekani madini yaliyo chini ya ardhi yanaweza kumilikiwa na mtu binafsi, na kampuni hukodi haki ya kuchimba kwa muda maalumu, mara nyingi miaka mitatu hadi mitano. Muda ukiisha bila mafuta kutoka, mkataba unakufa. Kisima kimoja kikitoa mafuta, mkataba unaendelea kuishi. Kwa hiyo kampuni ilichoronga kisima kimoja tu katika eneo la ekari 1,280, maili moja kwa maili mbili, ikahamia eneo linalofuata kuwahi mkataba mwingine. Kisima hicho cha kwanza tunakiita kisima mama. Miaka ilipopita na mikataba ilipokuwa salama, kampuni zilirudi kuchoronga visima watoto kando yake, vitano, vinane, wakati mwingine zaidi, katika eneo lile lile.

Visima mama vilipasuliwa kwa teknolojia ya siku zile. Vingine viligawanywa sehemu chache tu kwa urefu wote wa mlalo, na vya mwanzo kabisa vilipasuliwa kwa mkupuo mmoja, maji yakaenda yalikotaka. Leo mlalo wa urefu ule ule hugawanywa sehemu 30, 40, 50 au zaidi, na mchanga unaotumika ni tani elfu kadhaa. Maana yake, ubavuni mwa kila kisima mama kuna mwamba mwingi wenye mafuta ambao haukuguswa.

Watoto wanapokaribia kupasuliwa, mwangalizi anaambiwa afunge mama. Hufungwa kwa usalama, kwa sababu maji ya presha yatakayosukumwa jirani yanaweza kuibukia ndani yake. Eneo linalozunguka mama limeshanyonywa, presha yake ni ndogo, na nyufa mpya hupenda kukimbilia kwenye presha ndogo. Nimesimama mbele ya geji ya kisima kilichofungwa nikitazama sindano ikipanda wakati hakuna aliyekigusa. Kazi ilikuwa inafanyika mamia ya mita kutoka hapo.

Kinachofuata kina mpangilio wake. Mama anafunguliwa, na kwa siku nyingi anatoa maji, mengi kuliko aliyowahi kutoa, maji ya jirani. Mkulima mwenye ardhi akipita wakati huo anaweza kudhani kisima kimekufa. Kisha maji yanapungua na mafuta yanapanda. Nilikuwa na kisima kimoja kilichokuwa kikitoa mapipa kama 40 kwa siku kwa miaka, bila kubadilika. Baada ya jirani zake kupasuliwa kilivuka 100, na mwaka uliofuata bado kilikuwa juu ya mstari wake wa zamani. Maelezo ya wahandisi yanalingana na tuliyoyaona uwanjani: maji ya jirani yalirudisha presha, yakafumua nyufa za zamani zilizokuwa zimejifunga, na nyufa mpya za jirani zikaunganisha mama na mwamba ambao hajawahi kuufikia. Mama amepasuliwa upya kwa gharama ya mtoto.

Lakini somo hili lina mipaka, na mipaka yenyewe ni sehemu ya somo. Bakken ni miongoni mwa maeneo ambayo visima mama mara nyingi hunufaika. Katika maeneo mengine ya sheili Marekani, Permian na Eagle Ford zikiwemo, wahandisi wameripoti visa vingi vya mama kuumia: mchanga unajaza kisima, maji yanaziba njia za mafuta, bomba linapinda. Hata Bakken nimeviona vilivyoumia. Kimoja kilipoteza pampu yake kwenye mchanga na kikahitaji mtambo wa kukizibua kabla hakijatoa hata pipa moja.

Na swali ambalo mwenye ardhi husahau kuuliza: mtoto amepata nini? Mara nyingi kisima mtoto hutoa mafuta machache kuliko ambavyo angetoa kama mama hakuwahi kuwepo, kwa sababu sehemu ya nguvu ya kupasua ilipotelea kwenye eneo lililokwisha kunyonywa. Mama akipanda mapipa 60 na kila mtoto akapungukiwa, furaha ya mama peke yake ni hesabu nusu. Jumlisha eneo lote la ekari 1,280. Hapo ndipo utajua kama mafuta yameongezeka au yamehama tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

3. Chunguza chuma kabla ya kuusifu mwamba

Visima vingi nilivyoona vikipanda havikuwa na siri yoyote ya kijiolojia. Vilikuwa vimeziba, vikazibuliwa.

Maji yanayotoka Bakken yana chumvi kupita kiasi, karibu gramu 300 kwa lita, zaidi ya mara nane ya maji ya Bahari ya Hindi. Yanapopanda kutoka kilomita tatu chini, joto na presha vinashuka, na chumvi inaganda ndani ya mrija na ndani ya pampu. Kinga yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, ambayo hushushwa kisimani kila siku ili kuyeyusha chumvi hiyo kabla haijawa ukuta. Ni kazi ya kimya ambayo haimo kwenye ripoti yoyote ya wanahisa. Kisima kisipopewa maji yake ipasavyo hushuka taratibu, mapipa mawili leo, matatu wiki ijayo, na kwenye grafu huonekana kimezeeka. Kikisafishwa, mstari unaruka. Mtu wa mbali anaandika habari za maajabu. Mwangalizi anajua ni chumvi.

Nta nayo ni hivyo hivyo, hasa wakati wa baridi. Tundu dogo kwenye mrija linaweza kufanya pampu inyanyue mafuta na kuyarudisha chini siku nzima. Na kuna kubadilisha mtambo wa kunyanyulia wenyewe. Kisima kikiwa kichanga husukuma mafuta kwa nguvu zake, kisha huwekewa pampu ya umeme iliyozamishwa chini, au hudungwa gesi ili kupunguza uzito wa mafuta mrijani, na mwishoni huwekewa pampu ya fimbo, ile mashine inayoinama na kuinuka mchana na usiku ambayo kila mtu huipiga picha. Kila mabadiliko yakifanywa kwa wakati wake, kisima hupanda.

Namna ya kutofautisha ni kuulizia mstari wa zamani. Ongezeko la matengenezo hurudisha kisima pale ambapo kingekuwa kama kisingeziba. Ongezeko linalotokana na mwamba mpya hukipandisha juu ya mstari huo na kukiacha huko. Mhandisi J. J. Arps aliandika mwaka 1945 jinsi ya kuchora mstari wa kushuka kwa kisima, na pamoja na marekebisho mengi tangu wakati huo, ni wazo hilo hilo ambalo wahandisi wetu bado hulianzia. Chukua miezi ambayo kisima kilifanya kazi bila matatizo, chora mstari wake, uendeleze mbele, kisha weka ongezeko juu yake. Kalamu na karatasi ya miraba vinatosha.

4. Wakati mwingine kilichofunguka ni bomba la gesi

Mafuta ya Bakken hutoka pamoja na gesi. Miaka ya mwanzo gesi hiyo ilichomwa kwa wingi kwa sababu mabomba hayakutosha. Usiku eneo letu lilionekana kutoka angani kama jiji kubwa. Julai 2014 Tume ya Viwanda ya North Dakota ilipitisha amri ya kuzilazimisha kampuni zikusanye gesi kwa viwango vinavyopanda hatua kwa hatua, vilivyorekebishwa baadaye kufika asilimia 91 kuanzia Novemba 2020. Zilizoshindwa kufikia kiwango zingeweza kulazimishwa kupunguza mafuta. Kwa hiyo palikuwa na visima tulivyovibana koki, na kiwanda kipya cha gesi kilipowashwa, au bomba lenye presha nafuu lilipofika, tulifungua koki. Mafuta yalipanda siku hiyo hiyo. Mwamba haukuwa umefanya lolote. Tazama safu ya gesi iliyouzwa. Ikipanda pamoja na mafuta mwezi ule ule, pengine umepata jibu.

5. Kupasua upya kunafaa kisima kilichopasuliwa vibaya

Baadhi ya kampuni hazisubiri jirani. Huchagua kisima kizee na kukipasua tena kwa makusudi. Njia rahisi ni kusukuma maji na mchanga ndani ya kisima kama kilivyo, pamoja na vitu vya kuziba matundu ya zamani kwa muda ili nguvu iende kwingine. Huna hakika kamili maji yameenda wapi. Njia ya gharama zaidi ni kushusha bomba jipya jembamba ndani ya lile la zamani, kulisimika kwa saruji, kulitoboa matundu mapya, kisha kupasua sehemu kwa sehemu kama kisima kipya. Eagle Ford huko Texas imeona nyingi za aina hii, na Bakken pia imejaribiwa.

Kinachonivutia ni uchaguzi. Mtu asiye na uzoefu angechagua kupasua upya kisima bora, kwa kudhani penye mengi pana mengi zaidi. Wanaofanikiwa hutafuta kisima kilicho katika mwamba mzuri lakini kilichopewa upasuaji hafifu: sehemu chache, mchanga kidogo, umbali mkubwa kati ya tundu na tundu. Huko ndiko mafuta yalikobaki. Kisima kilichopasuliwa vizuri mwaka 2018 hakina cha kukupa zaidi ya bili.

6. Gesi inayorudishwa chini ni habari ya kufuatilia kwa makini

Mwaka 2016 kampuni ya EOG ilitangaza kwamba katika Eagle Ford imekuwa ikirudisha gesi ndani ya visima vya sheili: gesi inasukumwa chini kwa wiki kadhaa, inaachwa ichanganyike na mafuta na kuyalainisha, kisha kisima kile kile kinafunguliwa na mafuta yanatoka. Halafu zamu inaanza upya. Ilisema mafuta yatakayopatikana kwa njia hiyo yanaweza kuongezeka kwa asilimia 30 hadi 70. Hilo, kwangu, ndilo ongezeko lenye maana kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu linatoa mafuta ambayo vinginevyo yangebaki chini milele.

Na yanayobaki ni mengi. Bakken, kwa kila mapipa 100 yaliyomo mwambani, visima vyetu hutoa kama kumi tu, pengine pungufu. Majaribio ya gesi huku kwetu yamekuwa magumu zaidi kuliko Texas: mwamba una nyufa zake za asili, visima vimeungana kwa nyufa tulizozitengeneza wenyewe, na gesi inayodungwa kisima kimoja hukimbilia cha jirani kabla haijafanya kazi. Chuo Kikuu cha North Dakota kina kituo cha utafiti wa nishati kinachoshughulika na tatizo hili pamoja na kampuni. Nafuatilia kazi hiyo kwa shauku, kwa sababu visima nilivyovilea kwa miaka vitafungwa kwa saruji siku moja, na ningependa kabla ya siku hiyo viwe vimetoa kilichokuwa ndani.

7. Mwamba haujijazi

Mjomba wangu wa Tanga alinipigia simu akiwa amepata ujumbe unaosambazwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie wewe uliyeko huko. Eti visima vya Wamarekani vinajijaza vyenyewe? Wanasema mafuta hayaishi."

Nimeulizwa hilo pia na dereva wa lori la maji kutoka Kongo, na wenye ardhi wa hapa hapa, kwa hiyo nilijibu kwa utaratibu. Ujumbe wa aina hiyo mara nyingi hutegemea habari ya Eugene Island 330, eneo la mafuta katika Ghuba ya Mexico lililogunduliwa miaka ya 1970, ambalo uzalishaji wake ulishuka kisha ukapanda tena. Lile ni eneo la mchanga chini ya bahari lililokatwa na mpasuko mkubwa wa ardhi, na wanajiolojia walijadili uwezekano wa mafuta kupanda kupitia mpasuko huo kutoka chini zaidi. Ni mjadala wa kweli kuhusu mahali pale. Kuuhamishia Bakken hakuna msingi. Sheili ndiyo jiko lenyewe lililopika mafuta, na upishi huo ulichukua mamilioni ya miaka. Hakuna chungu kingine chini yake kinachomwagia mafuta kila Jumatatu.

Nilimwambia mjomba hivi: kisima kikipanda, yametoka mafuta yaliyokuwemo tangu mwanzo ambayo hatukuyafikia. Akauliza swali lililonifurahisha, "Basi mlichimba vibaya?" Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kupanda kwa visima vya zamani ni ushahidi wa jinsi upasuaji wa kwanza ulivyogusa mwamba kidogo.

8. Wenye pesa wahesabu jumla, wasihesabu kilele

Mwenye haki za madini huku hulipwa mrabaha, mara nyingi kati ya moja ya nane na moja ya tano ya thamani ya mafuta. Kuna wakulima, kuna wajane, na kuna familia za mataifa matatu ya Mandan, Hidatsa na Arikara katika ardhi yao ya Fort Berthold, ambayo imekaa juu ya Bakken. Kisima kikipanda, hundi inanenepa. Na muda huo huo wao huanza kupokea barua za watu wanaotaka kununua haki zao, au hushawishika kukopa wakitegemea hundi ile iendelee.

Ushauri wangu kwao huwa mmoja. Jumlisha mafuta yote ya kisima tangu kizaliwe, uyachore mwaka kwa mwaka, kisha uangalie kama ongezeko limeinua jumla itakayopatikana au limeharakisha tu mafuta ambayo yangetoka hata hivyo. Pipa lililotoka mwaka huu badala ya 2035 lina thamani, hasa bei ikiwa nzuri. Lakini ukishalipokea mwaka huu, usilisubiri tena 2035.

Upande wa pili ni gharama ya kuzika kisima. Kisima kilichoshuka hadi mapipa machache kiko hatua chache kutoka kwenye saruji, na mwenye kisima akifilisika mzigo unaangukia jimbo. Mwaka 2020 North Dakota ilitenga dola milioni 66 za fedha za dharura za serikali kuu kuziba visima vilivyoachwa na kusafisha maeneo yake. Kwa hiyo ongezeko la mafuta linapokuja, linasogeza mbele siku ya maziko, na ni wakati mzuri wa kuweka akiba ya maziko hayo. Nimeona kampuni ndogo ikinunua visima vizee kwa matumaini ya ongezeko, ikachuma mkupuo, na kutoweka. Waliobaki kutazama bomba lenye kutu ni wenye ardhi.

9. Daftari lililo wazi ndilo lililonifundisha yote haya

Nisingeweza kuandika hata nusu ya makala hii kwa kumbukumbu za kisima kimoja. Nimeweza kwa sababu North Dakota inachapisha takwimu za kila kisima, kila mwezi, kwa jina na namba yake. Kisima kipya huruhusiwa siri ya miezi sita, kisha nacho kinaingia kwenye orodha. Mkulima anaweza kulinganisha kisima chake na cha jirani. Mwanafunzi anaweza kuipinga kampuni kwa hesabu. Mwangalizi anaweza kuona kwamba alichokiona kwenye geji yake kimetokea pia wilaya ya tatu, na akajua si bahati.

Kwetu Afrika Mashariki miamba ni tofauti. Mafuta ya Ziwa Albert na ya Turkana yamo kwenye mchanga wa kawaida, gesi ya Songo Songo imetoka tangu 2004 bila kupasua sheili yoyote, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, karibu na nilikozaliwa. Hivyo mengi niliyoyaeleza kuhusu visima mama na watoto hayatahusu visima vyetu moja kwa moja. Lakini visima vyetu navyo vitashuka, vitasimama, vitafanyiwa matengenezo, vitapanda, na kila vikipanda kutakuwa na mtu wa kutuambia hadithi ya sababu yake. Mapato ya nchi yatategemea kama hadithi hiyo inaweza kukaguliwa.

Tanzania na Uganda zote ni wanachama wa mpango wa kimataifa wa uwazi katika uziduaji, unaodai nchi zitangaze kiasi kilichozalishwa na malipo yaliyofanywa. Ni mwanzo mwema. Naziomba mamlaka za petroli za Uganda na Tanzania, na wenzao wa Kenya, ziende hatua moja mbele: zichapishe takwimu kwa kila kisima, kwa kila mwezi, pamoja na siku ambazo kisima kilifanya kazi, na ziziache wazi kwa mwananchi yeyote. Nawe msomaji, siku mbunge wako akija kuomba kura, mwombe hilo.